Inapaa kwa Fundi, Inatambaa Nyumbani

Kompyuta yangu ya mapajani, ya kuchezea gemu, ilikuwa na unafiki wa ajabu: kwa fundi inapaa, nyumbani inatambaa. Nikimpelekea, anaicheza mpaka anachoka, haikwami hata kidogo, ananirudishia huku anacheka. Nikiicheza kwangu, vita vikipamba moto tu, picha zinaganda, nalipuliwa nimesimama kama gogo. Nahodha wa timu yetu ya gemu akachoka. "Dada, leo jioni ni mechi ya mchujo. Ukiganda tena, nafasi yako nampa mwingine." Na timu hiyo niliianzisha mimi! Nilitamani kulia.

Fundi alishasafisha feni, akapaka prosesa, ubongo wa mashine, dawa mpya ya kupoza, akafuta kila kitu akaanza upya. Mchana ule nikamtoa dukani mzobemzobe, aje aone kwa macho yake.

Nikawasha gemu. Fundi akatazama namba za prosesa pembeni ya skrini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Makubwa haya! Joto haina. Kazi inayo tele. Lakini imejibana, inatumia nguvu kidogo, kama inaogopa kitu."

"Inaogopa nini?"

"Ningejua, ningekuwa nimekaa hapa natoka jasho?"

Akazima, akawasha. Akachomoa kipanya. Akabadili soketi. Wapi! Nikaanza kuuliza kama nyumba yetu ina mkosi. Mama, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, akanifokea niache upuuzi. Sielewi, fundi haelewi, na jioni inakuja.

Ndipo fundi akauliza, "Chaja iko wapi?"

Dukani kwake kuna sheria: mteja aache chaja nyumbani, zisije zikachanganyika. Anatumia zake mwenyewe. Kwa hiyo yangu hakuwahi kuiona. Nikamwonyesha waya uliopita nyuma ya kabati. Huko anafagia mama. Mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kufika.

Fundi akainama, akavuta, akaibuka na kichaja kidogo kama kipande cha sabuni. "Hiki ni cha kompyuta ya kuandikia barua! Mashine ikiona umeme hautoshi, inajibana isije ikazimika. Ya mashine kama hii huwa kubwa kama tofali. Nani kaibadilisha?"

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameacha kukunja.

"Lile dude lilikuwa linachemka kama pasi," alisema. "Nyuma ya kabati la mbao, si nyumba ingewaka moto! Na wewe umeziba masikio kwa hayo madude yako, hata ukiitwa husikii. Nikanunua hiki, muuzaji akasema kinaingia. Ulitaka nifanyeje? Sina mtoto mwingine mimi."

Hasira zilinipanda, zikakosa pa kutokea.

Fundi alimweleza kwamba joto lile ni kawaida ya chaja kubwa, mradi ikae peupe, isibanwe na kabati. Mama akaitoa ile ya zamani chini ya mashuka yake, akaikabidhi shingo upande.

Jioni nikacheza. Hakuna kuganda, hakuna kusuasua, nahodha alipiga kelele masikioni mwangu, "Dada, ulikuwa wapi siku zote?" Tukashinda, na nafasi yangu ikabaki yangu.

Nikavua vipokea sauti vya masikioni, nikageuka. Mama alikuwa amekaa sakafuni, ndoo ya mchanga ubavuni, kiganja chake juu ya chaja.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda, mama."

"Haya, chomoa basi. Mkono unaungua."