Filtre ya Hénoc na mayi ya Naviundu

Bamama wenzangu, kama mutoto yako ya mwanaume anaanza kufungua capot ya motoka kila asubui na hakuna kitu kilikufa mule ndani, usiseme eko anajifunza kazi. Muulize anatafuta nini. Mi niliuliza, nikapiga na makelele, habakunisikia. Njo maana naandika, pengine ku kwenu batasikia.

Motoka yetu iko kadogo, nyeupe, na volant, ile usukani, ku kuume. Bwana yangu Léonard aliinunua wakati alitoka ku kazi ya rail, ya treni, na anaipendaka kupita binamu zake. Haikuwa na ugonjwa. Filtre yake ya hewa ilikuwa ya karatasi, imelala ndani ya sanduku nyeusi ya plastique, juu kabisa, karibu na radiateur. Ikijaa vumbi, tunaitosha, tunaipigapiga pa mulango. Ikichoka, tunanunua ingine. Maneno imeisha.

Kisha mutoto yetu ya kwanza, Princesse, akapata muchumba. Jamaa ya muchumba ni bantu ya Kasai, banauzishaka bintu ya nyumba kule mujini, na ku parcelle yabo jeep zimepangana sawa ngombe. Baba mudogo ya ule muchumba, Papa Ruphin, alikuya ku kwetu kupanga siku ya ndoa.

“Papa Princesse,” akasema, “siku ile tutaleta jeep ya kumubeba muke yetu.”

Léonard akakataa. “Mutoto yangu atatoka ku kwangu mu motoka yangu. Mu jeep yenu atapanda kisha padri kumaliza.”

“Hakuna shida, papa. Lakini ile kamotoka itaweza mupando ya paruasi, na robe yote ile ya ndoa ndani?”

Bantu bakacheka. Léonard naye akacheka, lakini na meno tu. Mi nilimuona. Nikajua tuko na shida, juu bwana yangu akishatoa neno mbele ya bantu, hata umufunge kamba hatairudisha.

Kesho yake mutoto yetu Hénoc akamukaribia baba yake na telephone mu mukono. “Papa, motoka haina nguvu juu inapumua mubaya. Ile filtre ya karatasi iko sawa kufunga muntu kitambaa ku pua kisha kumuambia akimbie.”

Akaanza kutuonyesha. Kulikuwa filtre ya coton inaingia paka mu ile ile sanduku ya zamani, unaiosha, unaipaka mafuta, unairudisha. Kulikuwa na ingine, nyekundu, sawa kofia ya muntu ya sarakasi, inakaa inje bila sanduku, na tuyau yake ya kuvutia hewa, ya aluminium, inangaa. Ile njo anaitaka. Kit, anasema, maana filtre na tuyau pamoja. Kit, kit, chakula tunakula na kit.

“Kama ni paka kubadirisha tu,” nikasema, “muchukue ya coton, sanduku ibaki.”

“Mama, ile haina sauti.”

“Sauti ya nini? Tunaolesha mutoto ao tunaenda vita?”

Léonard alivuta telephone karibu. Alikuwa anaangalia video, na midomo imefunguka.

Nilienda nabo ku muuzishaji, Mwenze, mwenye kuwa na kiosque pembeni ya soko. Nikamuuliza: “Hii kofia yako inachunga vumbi?”

“Mama, banaivalishaka motoka ya course, ya mashindano, ku Bulaya!”

“Na ku Bulaya kuko vumbi ya huku kwetu Annexe?”

Akaniita mama mukali, akanipa kiti. Wakati mi nilikuwa nakaa, bo balishamaliza kununua.

Balifunga ile kintu Hénoc na baba yake, na mikono yabo. Kisha Hénoc akakanyaga mafuta. Vuuu! Mbuzi ya jirani ikaruka lupango. Léonard akapiga mikono sawa mutoto mudogo ya maternelle. Sauti ilikuwa mingi, lakini nguvu ilipunguka. Tukijaribu mupando ya paruasi, motoka inalia vuuu na baiskeli inatupita.

“Ni moto,” Hénoc akasema. “Inapumua moto ya moteur. Inaomba hewa ya baridi.”

Akaenda kutafuta tuyau murefu, akaishusha mpaka chini nyuma ya pare-chocs, ile ya kukinga motoka ku mbele, na ile filtre akaifunga kule ku mwisho, karibu na udongo. Ni mwezi ya munane, mvua hatujaiona tangu zamani, udongo iko mwekundu, ukipumua unatema matofari.

“Chini kule njo fasi vumbi inatokea!” nikasema.

“Tutaifunika, mama.”

Siku ya mungu, nikatafuta collant yangu ya miguu, ya kuendea misa. Nikafungua kila sanduku. Kumbe niko naikuta wapi? Balishaivalisha filtre.

“Mafundi mingi banafanyaka vile,” Léonard akasema, bila kuniangalia. “Inakamata vumbi muzuri.”

“Basi na mi niende misa na filtre ku miguu?”

Tuligombana vile mpaka juma ya ndoa. Asubui vumbi, mangaribi vumbi. Hakuna muntu mu nyumba yetu alisema neno moja juu ya mayi.

Sasa, ku kwetu motoka ya ndoa haiendake hivi na uchafu. Inaoshwaka mu muto Naviundu. Kuko fasi baoshaji balipanga mawe chini. Unaingiza motoka mu mayi, mayi inafika ku katikati ya mipira ya magurudumu, banaimwangia na bandoo, inatoka inangaa sawa sahani. Miaka yote tulifanya vile. Sanduku ya filtre ilikuwa juu, mayi inapita chini, kila moja na kazi yake.

Ile siku ya ndoa nilienda nabo, na ribbon mu mapaja, juu nilijua nikibaki batachelewa. Nikashukia ku kando. Kulikuwa motoka ingine za ndoa, na bantu mingi. Hénoc akaona bantu. Njo alikanyaga mafuta. Vuuu! Akaingia mu muto mbio, mayi ikaruka pande mbili, bantu bakapiga kelele ya furaha.

Kisha: kwa! Na kimya.

Akazungusha funguo. Ka. Tena. Ka.

“Jaribu tena,” Léonard akasema.

“Asijaribu!” nikalia. Sijui motoka, lakini muntu akinywa mubaya haumupigi mugongo ili aongeze kunywa.

Baoshaji bakatusaidia kuisukuma inje. Hénoc akalala chini ya pare-chocs, akavuta filtre. Collant yangu ilikuwa inatiririka mayi sawa nguo ku kamba. Fundi alituambia kisha: moteur ilivuta mayi fasi ya hewa, na chuma ya ndani ikakunjama.

Telephone ikalia. Princesse.

“Mama, nilishavaa robe. Motoka iko wapi?”

“Iko inakunywa mayi, mama. Ngoja.”

Léonard alikaa ku jiwe. Mukoti yake ya ndoa ilikuwa na matope mpaka ku kiwiko. “Neno nilitoa mbele ya bantu,” akasema. Nilikuwa na matusi mingi mu kinywa, nikaimeza yote, nikamuita Papa Ruphin.

Akafika na jeep. Akashuka pole pole, akazunguka kamotoka, akainama, akaiuliza: “Mukwe, ulikuwa na kiu?” Hata baoshaji balikaa chini kwa kucheka. “Haya, Papa Princesse, usijali. Mutoto atapanda huku.”

Léonard akasimama. “Ruphin, kamba uko nayo?”

Papa Ruphin akamuangalia. Kicheko ikapunguka. Akafungua nyuma ya jeep, akatoa kamba.

Njo vile mutoto yetu alitoka ku nyumba ya baba yake mu motoka ya baba yake: ribbon mbele, kamba mbele ya ribbon, jeep ya bakwe mbele ya kamba. Léonard alishika volant, shingo imesimama sawa gouverneur. Bamama ya avenue bakapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mupando ya paruasi tuliipanda bila vuuu hata moja.

Ilikuwa paka vumbi tu. Vumbi yote ya jeep ilikuya ku kwetu, ikaingia mu dirisha, robe ikageuka rangi ya chai. Princesse akakohoa, akasema: “Papa, na mi ungenivalisha ile filtre.”

Léonard akacheka, safari hii na tumbo. Mi sikucheka. Mi mpaka leo sijacheka. Motoka iko chini ya muti ya maembe mu parcelle, haina moteur, na jana Hénoc alinikaribia na telephone: “Mama, kuko kit ingine, inakatalaka mayi.”

Nilimunyanganya. Njo ile telephone naandika nayo.