Majina 112 Niliyoyafuta

Barua iliyonipa nafasi ya mwanagenzi wa kuandika programu ilikuwa na masharti sita. La tatu lilisema niweke nakala kabla ya kugusa faili yoyote. La sita lilisema atakayeharibu kumbukumbu za mradi wa lishe ya watoto ataondoka siku hiyo hiyo. Nilitia sahihi bila hata kuketi. Mwaka huo wa 1997, Migori nzima, ni wasichana wangapi walikuwa wakilipwa kukaa mbele ya kompyuta? Kichwa kilikuwa kimenivimba.

Ijumaa, msimamizi wangu, Bwana Momanyi, aliniambia kwamba orodha ya watoto wa kupewa maziwa ya unga kule Kisegi ina majina yaliyorudiwa.

"Rispa, toa duplicates zote. Gari inaondoka saa nane."

Niliandika programu ya mistari kumi na tisa. Jina moja, baba mmoja, mwaka mmoja wa kuzaliwa: huyo ni mtoto yule yule, futa. Ikafuta 112. Nakala sikuweka, kwa sababu disketi zilikuwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula. Momanyi akanisifu mbele ya ofisi nzima, akatia sahihi, orodha ikaenda.

Jumapili nilikuwa nyumbani, upande wa Homa Bay. Mama mdogo, mke wa pili wa baba, akaita kutoka jikoni, "Rispa." Tukaitika wawili, mimi na binti yake. Baba yetu ni mmoja, tulizaliwa mwaka mmoja, na kila mama alimpa wake jina la nyanya yule yule aliyekuwa amefariki.

Sahani ilinitoka mkononi. Kisegi kuna maboma mangapi kama letu? Nilijua mambo haya tangu utotoni, na bado niliandika ile mistari kana kwamba nililelewa na kitabu. Niliogopa, na ofisi ilikuwa imefungwa hadi kesho yake.

Jumatatu nilimngoja Momanyi mlangoni. Maziwa yangeanza kugawiwa saa tatu. Nilimweleza yote. Akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, sir."

"Basi iwe hivyo. Hiyo sahihi ni yangu. Next month tutawarudisha polepole."

Nilikuwa nimemletea hofu yangu anisaidie kuibeba, kumbe naye alikuwa na yake. Mwezi mzima. Watoto hao walikuwa kwenye orodha kwa sababu walikuwa wamebaki mifupa.

Redio ya mawasiliano ilikuwa juu ya meza yake. Niliichukua.

"Rispa, weka hiyo chini."

Sikuweka. Nilimwita Filister, muuguzi wa Kisegi. Akasema foleni ni ndefu, na kuna mama ameketi langoni analia, ameambiwa jina la mtoto wake halipo.

"Mpe," nikasema. "Usirudishe mtoto hata mmoja. Hiyo orodha imeharibika."

Redio ikakwaruza. Vituo vyote vya mradi, hadi Isebania, vilikuwa vinasikia.

"Sawa, lakini hapa lazima niandike nani ameniruhusu," Filister akasema. "Ni Bwana Momanyi?"

Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha uso, akiangalia viatu vyake.

"Hapana," nikasema. "Andika jina langu."