Taa Nyekundu ya Mlangoni

"Lete hapa," mlinzi alisema, akaipokea kadi ya mhasibu na kuisugua kwenye paja la suruali yake. "Mashine hii ina kisirani. Haitaki uchafu."

Akaigusisha tena. Taa ikawaka nyekundu.

Suruali ile ndiyo ilikuwa dawa yake ya miaka yote. Kadi ikigoma anaisugua, taa inawaka kijani, mwenye kadi anapita akicheka. Wafanyakazi wa kampuni ile ya mikopo walimwita Mzee Mlango, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Lakini asubuhi hiyo dawa haikufanya kazi. Kadi baada ya kadi, nyekundu tupu, na foleni imefika barabarani. Basi akafanya anachofanya umeme ukikatika: akatoa ufunguo, akafungua kwa mkono.

"Piteni, wanangu. Fundi atakuja."

Wa mwisho alikuwa binti yake mwenyewe, karani wa mikopo midogo ghorofa ya pili. Walikuwa na mchezo wao pale mlangoni.

"Kitambulisho, madam."

"Samahani, afande. Baba yangu hakuniamsha mapema."

"Baba yako hafai kabisa. Pita."

Kadi yake nayo iliwaka nyekundu. Mzee aliisugua kuliko zote, akaipuliza, akamfungulia. Hakushtuka hata kidogo. Mtu anayemwona mwanawe akiingia kazini na viatu vinang'aa atashtushwa na taa?

Kabla ya chai ya saa nne meneja alishuka ngazi mbio, shati limelowa jasho. "Nani kawaingiza hawa?"

"Mimi. Mashine imeharibika."

"Haijaharibika, mzee." Meneja akashusha sauti. "Wamepunguzwa. Kadi zao zimefungwa. Walitakiwa kuambiwa kwanza, sijui imekuwaje. Hata mimi nimepigiwa simu sasa hivi tu."

"Bosi si alituita wote juzi akasema haondoki mtu? Akasema sisi ni familia?"

"Nilikuwepo. Nilimsikia."

"Sasa kosa lao nini?"

"Sijaambiwa. Watoe taratibu, tafadhali. Wewe umebaki. Ila wasipotoka, na wewe..." Hakumalizia.

"Na binti yangu?"

Meneja akatazama viatu vyake.

Jamani! Ghorofa nne zimejaa wakubwa wenye tai, na wa kwenda kuwaambia watu kwamba kazi imekwisha ni mlinzi!

Binti alikuwa na mteja, akimweleza marejesho polepole, kama anavyomweleza mama yake mambo ya simu. Mzee alisubiri pembeni mpaka mteja akaaga.

"Afande, umepotea njia?"

"Mama," alimwita, kama anavyomwita nyumbani.

Binti akaacha kucheka. "Ile taa?"

"Ile taa. Mko wengi. Twende, nami naondoka. Siwezi kukutoa wewe halafu nirudi kukaa kwenye kile kiti."

"Baba, acha hizo. Tukiondoka wote wawili, mdogo wangu atasomeshwa na nani?" Machozi yalimlengalenga, lakini mikono ilikuwa inamnyoosha baba yake kola. "Fanya kazi yako. Ila unitoe vizuri."

Akamtoa vizuri. Alimbebea mkoba ngazi zote, akaufungua mlango hadi mwisho, akasimama wima na kumpigia saluti ambayo hata bosi mkubwa hajawahi kuipata. Waliomfuata nao akawapigia, kila mmoja yake. Mhasibu alimkumbatia akalia begani mwake kama mtoto. Kadi waliziacha kwenye kikapu mezani, kama ilivyoagizwa.

Jioni, jengo lilipobaki tupu, mzee alipekua kikapu mpaka akaipata ya binti yake. Kwenye picha alikuwa amebana kicheko. Mpiga picha alimkataza kucheka, na yeye hajui kukatazwa. Mzee akatazama huku na huku. Akaisugua kwenye paja la suruali, upande huu na upande ule, akaigusisha kwenye mashine.

Kisha akaisugua tena.