Karatasi Iliyokwenda na Viatu

Mie nina miaka ishirini na sita nauza viatu Naif, hapa Dubai, na katika muda wote huo sijapata kumuuzia mtu kitu kichafu. Lishike neno hilo, maana ndilo lililonitia aibuni.

Mwaka 2004 aliingia dukani mzee kavaa joho jeusi, msalaba kifuani, ndevu zimetunzwa kuliko za marehemu mume wangu. Alikuwa padri wa Kimaroni, Wakristo wa kule Lebanon, jina lake Abuna, yaani Baba, Nimatullah. Kila akisema maneno mawili, la tatu alhamdulillahi, mpaka nikaona haya kwamba padri ananishinda mie niliyekula bakora za chuo cha Kurani Unguja. Kwao milimani alikuwa mtunza maktaba ya watawa. Kazi yake, na usicheke, ni kutafuta vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono kwa Kisiria, lugha ya kale ya kanisa lao, na kuviorodhesha: kina karatasi ngapi, kimetoka wapi, nani kakiandika, mdudu kala wapi. Haya, kila mtu na riziki yake.

Alikuwa amesikia kwamba tangu vita vya Iraq vitabu kama hivyo vinapita huku kwetu Deira, basi akawa anauliza duka kwa duka, hata kwa wauza mabegi. Nikakumbuka katoni niliyoipata kwenye maghala ya Al Quoz ndani ya mzigo uliotelekezwa, pamoja na masinia ya shaba. Ndani yake mlikuwa na kitabu kinene chenye maandishi ambayo si Kiarabu, si Kihindi. Nikamwambia kipo, kiko stoo. Mzee macho yakamjaa maji pale pale.

"Bibi Tufaha," akasema kwa Kiarabu, "kesho nina safari ya Doha. Nitarudi Alhamisi. Nakuomba usikiguse."

Nisikiguse, mie mwenye mali. Nikamwambia inshallah, kwa ile inshallah tunayowapa wateja.

Jumanne kikaletwa. Ewe Mola, uchafu gani ule. Jalada la mbao limetobolewa na wadudu, vumbi la miaka mia saba, na karatasi ya mwisho ndiyo iliyotia fora: doa la nta, alama ya kidole, na vimaandishi vidogo vimebanana chini kama mtu aliyeishiwa nafasi. Loise, Mkenya wa Nyahururu ninayefanya naye kazi, Kiarabu cha dukani anakisikia, akanitazama nilivyoshika kitambaa.

"Madam, si Father alisema usiguse?"

"Loise, unauza duka hili au nauza mie?"

"Unauza wewe, madam." Akarudi kwenye viatu vyake, mdomo kaubetua.

Basi nikakifanyia kitabu hisani. Mbao nikazitupa. Jirani mwenye kazi ya kujalidi akakitia jalada jipya la plastiki ya kijani, na mistari ya dhahabu pembeni. Ile karatasi ya mwisho nikaing'oa taratibu, nisiharibu mshono, unaona nilivyo na adabu. Tulikuwa tunapakia viatu vya kiume vya kwenda Unguja na karatasi za kujazia zimetuishia, nikaikunja nikaisokomeza kwenye kiatu nambari arubaini na mbili. Jumatano kontena likaondoka.

Alhamisi Abuna akaja. Alipoliona lile jalada alikaa kwenye kigoda cha kujaribia viatu bila kukaribishwa. Akavaa miwani, akafungua katikati.

"Ni yeye," akasema.

"Nani?"

Akanieleza. Kuna mtawa mmoja wa zamani, mwandiko wake haufanani na wa mtu mwingine. Abuna kaviokota vitabu vyake kumi na kimoja kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo hamjui jina. Wanakili wale wa vitabu walikuwa hawajitaji mpaka karatasi ya mwisho kabisa. Hapo ndipo mtu anaandika jina lake, monasteri yake, mwaka wake, na kumwomba msomaji amwombee dua. Na vitabu vyote kumi na kimoja karatasi hiyo haipo. Kimoja kimeungua, kingine kimeliwa na panya, kingine kimeloa.

"Hiki," akasema, "labda Mungu kanihifadhia."

Akafunua mwisho. Akapitisha kidole pale penye mshono, polepole, kama mtu anayepapasa pengo la jino.

"Kilikuja hivyo hivyo," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe, nimeuzoea. Loise akaweka chini sanduku la viatu, akanikazia macho. Heri angesema neno.

"Niliing'oa mie," nikasema. "Juzi."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwaje?"

Nikatafuta neno la kumpa mzee wa watu, nisipate ila moja. "Chafu," nikasema.

Nilimpigia simu ndugu yangu Aidarus, Unguja, siku hiyo hiyo, na kontena lilipofika nikampigia tena kutwa mara tatu. Akafungua jozi mia sita, akinitukana. Alipofika nambari arubaini na mbili akakuta wapakuzi walikwisha kutoa karatasi za katoni hizo na kuzichoma bandarini. Nililia siku ile, nakwambia kweli, nikalia kama niliyefiwa, na wala sijui nilifiwa na nani.

Kitabu nilimpa Abuna bure. Usinisifu, ningekuwa na uso gani wa kumtajia bei. Kabla hajaondoka alitoa daftari akaniuliza jina langu kamili. Nikavimba kichwa, nikadhani ananiandikia shukrani. Nikamtajia mpaka la babu.

Baada ya miaka miwili orodha ikaja kwa posta, imechapwa kwa Kiarabu, nene, nzuri. Nikamwita Loise, nikatafuta, nikamsomea na kumfasiria:

"Nambari 412. Karatasi mia tatu na nane. Jalada jipya la plastiki ya kijani. Karatasi ya mwisho, yenye jina la mwandishi, iling'olewa Dubai na Tufaha binti Khelef bin Musallam, muuza viatu, kwa ajili ya usafi. Mwandishi hajulikani. Wewe unayesoma, waombee wote wawili."

Aliyeandika karatasi mia tatu na tisa jina lake halimo popote duniani. Mie niliyeng'oa moja limo, mpaka la babu.

Loise akaenda kuchukua kile kisu cha kukatia katoni. "Madam, tuitoe hii page. Hakuna mtu atajua."

Nikamshika mkono.

"Iache," nikasema. "Moja yatosha."