Marehemu N. G. Wandu

Mdogo wangu Sostenes alimtangaza redioni marehemu ambaye hajawahi kuzaliwa. Alilisoma tangazo kwa ile sauti yake nzito, sauti ambayo wanawake wa Geita wanaisifia mpaka sokoni, nami huwa nawaambia wangemwona anavyopambana na samaki mwenye miiba wangehama stesheni. "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Mzee N. G. Wandu wa Nyarugusu," alisema. Nyarugusu hakuna mtu wa jina hilo. Aliyefariki alikuwa Mzee Ng'wandu.

Binti wa mzee huyo, Apolonia, ameolewa Shinyanga. Simu yake ilikuwa mbovu wiki ile, na ndugu zake walitegemea redio. Redio ilikuwa wazi jikoni kwake. Alisikia, akamhurumia huyo N. G. Wandu, labda mtumishi fulani wa serikali, akaendelea kuchambua mchele. Baba yake alizikwa bila yeye.

Sostenes haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, na alipobaki gizani kabisa tayari alikuwa mtangazaji. Kazi hakuiachia. Matangazo ya vifo yanaingia kwenye laptopu yake kama meseji, programu inamsomea sikioni kwa spika ndogo, naye anayasema hewani akiwa neno moja nyuma yake. Msikilizaji hawezi kugundua. Programu ile nilimwekea mimi, Martina, dada yake, fundi wa simu na kompyuta hapa Kalangalala, kwa hiyo aibu ya jina lile niliihesabu ni yangu pia.

Mkuu wa stesheni, Bwana Herman, alikuja dukani kwangu mwenyewe. Si mtu mbaya. Nilijaribu kumchukia nikashindwa.

"Mama Esta," aliniambia, "Jumamosi familia inaleta tangazo la shukrani. Nimewaahidi kwamba Sostenes ndiye atakayelisoma. Akikosea tena, matangazo ya vifo nampa mwenye macho, na kazi nyingine ya kumpa sina."

Alipoondoka, Sostenes, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wateja, alijaribu kulipunguza jambo.

"Sasa nimeshajua, dada. Nikisikia en-ji, nitasema ng'."

"Na siku akifa Nelson Gabriel Wandu?"

Akasema polepole, "Nitakuwa nabahatisha majina ya wafu."

"Ndiyo. Leta hiyo mashine."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo hadi nikataka kuipiga laptopu kofi. Ile alama ya juu kwenye ng' ina sura mbili. Ipo iliyonyooka, na ipo yenye mkia uliopinda kama wa kiluwiluwi. Simu nyingi za siku hizi zinaweka yenye mkia. Programu iliijua iliyonyooka tu. Ikikutana na mkia inadhani neno limekwisha. Basi inabaki na "ng" peke yake, haina irabu, haitamkiki, nayo inaamua hizo ni herufi za mkato: N. G. Halafu inafuata Wandu. Kwa jicho alama hizo hazina tofauti ya maana. Kwa Sostenes hazina tofauti yoyote, kwa sababu zote mbili ni kimya.

Nilitafuta toleo jipya la programu. Lililokuwepo tayari kwa laptopu kuukuu kama ile lilikuwa lile lile lenye kosa. Ila kwenye ukurasa wa waliolitengeneza kulikuwa na kitu kingine cha kupakua: chanzo chake.

Niliwahi kusikia habari za chanzo, sikuwahi kukigusa. Programu tunazoweka kila siku zimeshasagwa; kompyuta inazielewa, mtu akizifungua anaona takataka. Chanzo ni yale maandishi yenyewe kabla hayajasagwa, kama jiwe kabla halijaingia kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Mtu anaweza kuyasoma. Anaweza kuyabadilisha, kisha akaisagia programu yake mwenyewe hapo hapo alipo. Nilinunua bando, nikapakua, nikafungua.

Sijui nieleze vipi nilichokiona. Nilitegemea hesabu za kutisha, nazo zilikuwepo, lakini nilikuta pia mdomo wa binadamu. Kulikuwa na faili la sauti ya "a", limeandikwa kwa namba jinsi koo linavyofunguka. Kulikuwa na la "m", midomo imefumbwa na hewa inapita puani. Mtu fulani alikaa akajiuliza ulimi unakwenda wapi tukisema "nyanya", akaandika jibu ili mashine isiyo na ulimi iweze kusema nyanya. Nilijikuta natamka maneno hayo peke yangu nyuma ya meza, nikishika koo langu. Mteja aliyeleta simu akaniuliza kama nimepaliwa.

Nikafika kwenye faili la Kiswahili. Maandishi ya kawaida kabisa, mstari baada ya mstari, kila mstari kanuni moja. Na kwenye mstari wa ng' yenye alama iliyonyooka, pembeni, mwandishi ameweka neno la mfano: ng'ombe.

"Sostenes," nikasema, "humu ndani wameandika ng'ombe."

"Nani?"

"Sijui. Mtu wa huko duniani."

"Msukuma huyo," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile.

Nami nikasisimka mwili mzima, sioni haya kusema. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya Wasukuma, ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya hospitali. Hapa palikuwa na mtu nisiyemjua, labda hajawahi kuona zizi, amekaa akaisikiliza ng' yetu mpaka akaipata, kisha akaiacha wazi mahali ambapo mwanamke wa Kalangalala anaweza kuingia na kuigusa. Hakuweka kufuli wala hakudai nijieleze mimi ni nani.

Niliongeza mstari wangu chini ya wake: ng' yenye mkia, sauti ile ile. Nikatafuta pia mahali panapoamua neno linakwisha wapi, nikaongeza kwamba mkia haumalizi neno. Nilibadilisha kidogo sana. Nilibonyeza kila herufi polepole, kama naandika ukutani kwa watu.

Sasa kusaga. Maelekezo yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza cha watu wenye haraka. Amri ya kwanza inaikagua kompyuta yako kama ina vifaa vyote vya kujengea. Yetu haikuwa navyo. Nikiweka kimoja, inadai kingine, nikiweka hicho, inasema ni cha zamani. Niligombana nayo kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Bando likaisha, nikanunua jingine. Umeme ukakatika, betri ya laptopu ilikufa zamani, nikaanza upya uliporudi. Sostenes alikaa karibu akisikiliza vidole vyangu. Anasema anajua nimekasirika kwa jinsi ninavyokipiga kitufe cha kuingiza.

Ijumaa mchana ukaguzi ukapita. Nikatoa amri ya kujenga.

Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja kwa kila faili, ikishuka haraka kuliko macho yangu. Feni ya laptopu ikavuma. Nilitambua baadhi ya majina yakipita: lile faili la midomo, lile la hewa ya puani, halafu Kiswahili, na ndani ya Kiswahili mstari wangu, umo humo unasagwa pamoja na ya wenzangu, hauna alama ya kusema huyu ni mgeni. Nilisimama. Sikuwa na sababu ya kusimama, ila kukaa nilihisi ni utovu wa adabu.

"Inafanya nini?" Sostenes akauliza.

"Inatengeneza mdomo."

Akasogeza mkono, akauweka juu ya laptopu ilipokuwa inapata moto, akauacha hapo mpaka feni ikatulia.

Nikatoa amri ya mwisho, ya kusakinisha. Nikaandika Ng'wandu kwa ile alama yenye mkia, nikabonyeza.

"En-ji. Wandu," ikasema mashine.

Sostenes aliinuka, akapapasa fimbo yake mlangoni. Nami nilikaa na uchungu wangu, naangalia kioo, mpaka nikaanza kujiuliza sauti hii ni ya nani. Maana ilikuwa ile ile ya zamani, na ubovu wake wote. Nikauliza kompyuta programu inayojibu imekaa wapi. Kumbe sikuwa nimeondoa ile ya kwanza. Mpya ilikuwa imekaa chumba chake, tayari, na ya zamani ndiyo iliyokuwa mlangoni inaitikia kila anayebisha hodi.

"Rudi ukae," nilimwambia Sostenes. Niliifuta ya zamani. Nikabonyeza tena.

"Ng'wandu," ikasema.

Ilisema kama anavyosema mama yetu. Sauti ya bati, haina pumzi, lakini ng' ilitoka puani, laini, ikaingia kwenye w bila kujikwaa. Nikaandika Ng'washi. Nikaandika Ng'wenda. Nikaandika ng'ombe kwa alama zote mbili. Ikasema yote. Sostenes alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Gete, kweli kabisa," alisema. "Inatujua."

Jumamosi nilikwenda naye stesheni. Apolonia alikuwa ameshafika, amejifunga kitenge cheusi, amesimama kwenye kioo kinachotenga chumba cha matangazo, na Bwana Herman kando yake. Nilimwambia pole kwa msiba. Aliitikia asante bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwa Sostenes, aliyekuwa anaweka spika ndogo sikioni.

Sijui kama nimewahi kuomba vile. Taa nyekundu ikawaka.

"Familia ya marehemu Mzee Ng'wandu wa Nyarugusu," akasema mdogo wangu hewani, "inawashukuru wote walioshiriki nayo katika msiba." Akaendelea, majirani, kwaya, madaktari, na kila jina lilipofika lilikuwa limenyooka. Bwana Herman alishusha mabega. Wimbo ulipoanza akanishika mkono kwa nguvu, akasema kazi imebaki ya mwenyewe.

Nilitaka tuondoke hapo hapo, furaha yetu tukaifanyie nyumbani. Lakini Apolonia alisukuma mlango, akaingia chumba cha matangazo bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi nikamfuata. Sostenes alisikia hatua, akageuza uso.

"Ni wewe uliyesoma siku ile?" mama yule akauliza.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Alisogea mezani. "Lile tangazo la kifo bado unalo?"

"Lipo."

"Lisome."

"Hatuko hewani sasa hivi, mama. Kuna wimbo."

"Nisomee mimi. Siku ile mimi sikusomewa."

Sostenes alivuta laptopu, akairudisha spika sikioni. Vidole vyake vikatembea kwenye kibodi vikitafuta. Kisha akakaa wima, kama anavyokaa taa inapowaka, na akatumia sauti yake yote.

"Familia inasikitika kutangaza kifo cha Mzee Ng'wandu wa Nyarugusu, kilichotokea nyumbani kwake. Mazishi yatafanyika kesho mchana. Habari ziwafikie watoto wake, ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo."

Apolonia alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Zimenifikia," akasema.