Lifti Isiyotaka Kushuka

Binti alipanda ngazi za ghorofa nane mbilimbili, viatu mkononi, maana habari aliyokuwa nayo ilikuwa inamwasha ulimi. Amefaulu. Ule mtihani wa fizikia uliomwangusha mwaka jana, wa uga wa mvutano na potenshali, ile nishati ya kitu kikiwa juu, safari hii kaumaliza. Na wa kwanza kuambiwa lazima awe mjomba, aliyemlea tangu hajaota meno. Mjomba ni fundi lifti, na asubuhi hiyo alikuwa kazini, juu ya paa la lifti ya jengo lile lile, akipaka reli grisi.

Mlango wa lifti wa ghorofa ya nane aliukuta wazi, ndani giza. Umeme ulikuwa umekatika. Akachungulia shimoni. Paa la lifti lilikuwa chini kidogo ya sakafu, kama kimo cha kiti, na mjomba kaketi juu yake, kajiegemeza kwenye kamba za chuma, tochi pembeni.

"Mjomba, nimefaulu."

"Nilijua. Kichwa hicho hukukitoa kwa baba yako."

"Mbona umekaa tu?"

"Mguu umenasa." Alisema kama mtu anayesema chai imepoa. "Nilikuwa naipandisha polepole, nikateleza. Mguu ukaingia chini ya kile chuma cha ukutani, lifti ikanibana kwa chini, na umeme ukakatika hapo hapo. Bila hivyo sijui ningekuwa na paja."

Binti akashuka, akachuchumaa kando yake, akamulika. Suruali ilikuwa na doa la damu lisilozidi kiganja. Akashusha pumzi.

"Damu siyo nyingi, mjomba. Inauma?"

"Siusikii kabisa. Hicho ndicho kinachonitisha."

Fundi cherehani wa ghorofa ile, mama mwenye tepu shingoni, akatokea mlangoni; alikuwa ameshapiga simu. Waokoaji wako njiani, alisema, na njiani kwao tunakujua. Basi msimamizi wa jengo akatokea na wapangaji watatu wanaume, kakunja mikono ya shati.

"Nakwenda chumba cha mashine, naachia breki. Lifti inashuka yenyewe, mguu unatoka, kila mtu anakwenda kwake."

"Haitashuka," binti akasema. "Itapanda."

Walimtazama kama aliyesema mvua inanyesha kwenda juu.

"Dada yangu," msimamizi akasema, "hili ni dude la chuma. Likiachiwa linakwenda wapi?"

"Labda linakwenda chuo," mpangaji mmoja akadakia, wenzake wakacheka.

Binti akamgeukia mjomba amtetee, kazi hii ni yake. Lakini mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtiririka, midomo inatamka maneno yasiyoungana. Akajua yuko peke yake.

Na hapo, yaani hapo hapo, yale ya darasani yakamkaa vizuri kuliko siku ya mtihani. Alikuwa ameyameza, akayatapika kwenye karatasi, akapewa alama. Sasa aliyaona yananing'inia mbele yake.

"Mvutano hautazami lifti peke yake," akasema. "Upande wa pili wa hizi kamba kuna rundo la vyuma, limewekwa kusaidia kubeba watu. Lifti ikijaa inalishinda. Ikiwa tupu, rundo ndilo zito. Sasa ndani hamna mtu, tupo wawili tu huku juu. Lifti ikipanda hatua, rundo linashuka hatua. Hesabu vyote viwili pamoja, usihesabu kimoja: nishati inapungua lifti ikipanda. Kwa hiyo itapanda." Akanyoosha kidole, akaonyesha dari ya shimo juu yao. "Utamsaga paja, halafu utatubandika pale."

"Nimesimamia jengo hili tangu rangi haijakauka."

"Na breki umewahi kuiachia?"

Msimamizi akatikisa kichwa.

"Hawa watatu walishike kwanza gurudumu la mashine, lile linalovuta kamba," binti akasema. "Walizungushe upande wa kushusha. Ndipo uachie. Mtasikia linavyowavuta."

Wakapanda. Fundi cherehani akasimama kwenye ngazi kupitisha maneno.

Breki ikalegea. Lifti ikaruka juu upana wa kidole, na mjomba akatoa sauti ambayo binti hajawahi kuisikia kwa mtu mzima. Huko juu wanaume wakanguruma. Lifti ikasimama, ikatetemeka, kisha ikaanza kushuka. Kidole. Vidole viwili. Kiganja. Chuma kikaachana na paja.

"Basi. Mwambie afunge breki."

Ikafungwa. Binti alikuwa anacheka, anacheka kweli, machozi yanamtoka, mpaka alipohisi magoti yake yamepata joto.

Akamulika. Damu ilikuwa inatoka kwa mapigo, imeshafika ukingo wa paa na inadondoka shimoni. Kilichombana mjomba ndicho kilichokuwa kimeuziba mshipa. Binti alikuwa amefikiria kila kilichoning'inia kwenye kamba zile. Damu hakuifikiria.

Akavua mtandio, akafunga, akakaza, akakandamiza kwa mikono miwili.

"Mjomba, sema na mimi."

"Imeshuka?"

"Imeshuka."

"Haya."

Hakusema tena. Binti aliendelea kukandamiza.

Msimamizi akarudi anahema, viganja vimechubuka, akapiga magoti mlangoni.

"Ulisema kweli, mwanangu. Lilituvuta, nikadhani tunakwenda nalo. Tusingekusikiliza tungemuua."

Ndipo akaiona damu. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Binti alikuwa bado kakaza juu ya paja lisilosukuma damu tena. Fundi cherehani ndiye aliyeshuka pale juu ya paa, akachuchumaa kwenye damu, akaanza kumbandua mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.