Daraja la Ndimi Mbili

Ulimi ulikutana na ulimi, na mdomo ukabaki kuukodolea macho mdomo mwenzake. Wavuta kamba wakalegeza mikono. Kando ya mtaro watu wakatazamana kama waliomwagiwa maji ya baridi usingizini.

Kitendawili: nikimpa mkono wa kulia, yeye hunipa wa kushoto, tangu tuzaliwe hatujashikana. Ukishindwa toa mji, uambiwe ni mtu na kioo chake. Ndivyo vilivyokuwa vile vipande viwili vya daraja la chuma, vimeegemea magogo yaliyosimamishwa katikati ya mtaro wa shule. Kila kipande kilipaswa kuja na ulimi upande wake wa kushoto, yaani bamba nene lenye matundu ya bolti, na upande wa kulia kije na mdomo, mabamba mawili yaliyoachiana nafasi ya kuumeza ulimi wa mwenzake. Vikitazamana, huyu anaingia kwa yule na yule kwa huyu, bolti zinapita, kazi imekwisha. Lakini kimoja kilikuja na ulimi kushoto, kingine kulia.

"Tukigeuze kichwa chini," alisema mmoja wa wavuta kamba. "Kikigeuka, kulia kunakuwa kushoto."

"Na watoto wapite wamening'inia kama popo?" akajibiwa.

Wakacheka. Rula hakucheka. Jina hilo la darasani alipewa kwa ajili ya urefu wake, na kwa sababu akisema neno hulisema limenyooka, hata pale ambapo lingefaa kupinda kidogo. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, na ndiye aliyekuwa katibu wa Umoja wa Taifa wa Wanafunzi wa Uhandisi, chama ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kwa fulana na hotuba, fulana zikiwa ndizo zilizodumu zaidi. Daraja lilikuwa wazo lake. Alisema chama cha wahandisi nacho kijenge kitu, japo kidogo, kabla hakijazeeka. Tawi la chuo cha Kiwandani, chuo chake, lingejenga nusu moja. Tawi la Bustanini lingejenga nusu ya pili. Siku ya mkutano mkuu nusu zote zingeunganishwa mbele ya mgeni rasmi, na waamuzi wangetoa kombe kwa nusu iliyo bora. Mahali pa kuliweka alipaomba kwa shangazi yake, mwalimu mkuu, ambaye nusu ya watoto wake walivuka mtaro kila siku juu ya mbao zilizooza.

Mbao zenyewe hazikuwepo tena. Mwenyekiti wa Umoja aliamuru ziondolewe asubuhi ile, eti zingeharibu picha. Na huko juu mvua ilikuwa imenyesha, kwani maji ya mtaro yalikuwa yameanza kubadilika rangi na kubeba vijiti.

Shangazi alifika na mwavuli wake, akautumia kuelekezea.

"Mwanangu, ndiyo tayari?"

"Bado, Shangazi."

"Bado ya kukaza, au bado ya kulia?"

"Haviingiliani. Kimoja kimetengenezwa kinyume."

Shangazi alitazama magogo, akatazama maji. "Wewe ulikuja ofisini kwangu ukaniambia, Shangazi, niachie mimi. Nikakuachia. Sasa wadogo wa darasa la kwanza wakitoka wataenda nyumbani kwa njia gani? Wazunguke barabara kuu, na yale malori? Mimi mtoto wa mtu simpeleki kule."

"Watavuka, Shangazi."

"Haya. Mimi nina masikio mawili, na yote yamesikia."

Akaondoka. Afadhali angegomba, maana ugomvi wa Shangazi huisha kama mvua ya rasharasha. Kimya chake hulala na mtu kitanda kimoja.

Rula akaufungua mchoro juu ya mfuko wa saruji. Dada aliyeongoza tawi la Bustanini, msichana mfupi mwenye buti za mpira, akachuchumaa upande wa pili. Haikuwachukua muda kuelewana, na hilo ndilo lililomtia Rula hasira zaidi.

Wachora mitambo wana namna mbili za kuonyesha ubavu wa kitu. Namna moja, ukikitazama kitu kutoka kushoto, picha yake unaiweka kulia. Namna nyingine, picha inakaa kulekule kushoto. Chuo hiki hufundisha hivi, chuo kile vile, na wote wako sawa, mradi pembeni mwa mchoro pawekwe alama ndogo, kama kikombe kilicholazwa kando ya duara, inayomwambia msomaji ni namna gani imetumika. Bila alama, kushoto kwa huyu husomwa kulia kwa yule. Rula aliichora alama hiyo kwa mkono wake. Sasa mahali pake palikaa nembo ya Umoja: gurudumu lenye meno, mwenge, kitabu, na maneno yanayozunguka yote hayo.

"Alama iko wapi?" aliuliza dada wa Bustanini.

"Chini ya mwenge."

"Tulisoma kama tulivyofundishwa."

"Najua."

"Nikisema tumekosea nitakuwa nimedanganya."

"Nani kakwambia useme?"

Ndipo Rula akakumbuka siku mwenyekiti alipoagiza ile nembo iongezwe kabla michoro haijatumwa matawini. Rula alimwambia itaziba kitu. Akajibiwa, "Katibu nawe! Nembo tu, itakuuma?"

Mwenyekiti alikuwa darasani na wajumbe wa kamati kuu, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Suti yake ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Rula alieleza kwa maneno machache: ulimi wa nusu moja ukatwe uhamie upande wa pili, mdomo mpya uundwe, na kazi hiyo ianze sasa hivi.

"Hoja ya utaratibu," alisema mjumbe mmoja. "Katiba inasema kubadili mradi kunahitaji theluthi mbili ya matawi."

"Sibadili mradi. Naunganisha daraja."

"Na kukata je? Si kubadili huko?"

"Kwanza tujue kosa ni la nani," alisema mwingine. "Hatuwezi kutibu bila kupima."

"Kosa ni la nembo," alisema Rula.

Mwenyekiti alikunja uso kana kwamba ametukaniwa mama. "Katibu, tafadhali. Nembo haina mkono wala msumeno. Mimi napendekeza tuunde kamati ndogo ya uchunguzi. Mgeni rasmi akifika, tumwonyeshe vipande vyote viwili. Tutasema ni uzinduzi wa hatua ya kwanza."

"Na watoto wavuke juu ya hatua ya kwanza?"

"Usituletee jazba. Wanaounga mkono kamati ndogo?"

Mikono ikapanda. Kitendawili kingine hicho: kina vinywa kumi na kimoja, na mikono yake inajua kwenda juu tu. Hakihitaji mji. Rula alitoka akawaacha wanabishana kamati ndogo iwe ya watu watano au saba, kwa kuwa saba ingeleta uwakilishi.

Nje, maji yalikuwa yamepanda hadi fundo la kamba kwenye magogo. Akajiuliza lile swali lililobaki: ikatwe nusu ipi? Nusu ya Bustanini ilikuwa imechovywa zinki mwili mzima, inang'aa kama sinia jipya. Chuma chenye zinki hukichomelei hivihivi. Moshi wake ni sumu, na mshono wenyewe haushiki vizuri. Nusu ya Kiwandani ilikuwa na rangi tu, rangi inakwanguliwa. Jibu lilikuwa wazi, na lilikuwa chungu. Kanuni ya mashindano ilisema nusu itakayokatwa siku ya kuunganisha imejitoa kwenye kombe. Na iliyojengwa sawasawa na nia ya mchoro ilikuwa hiyohiyo ya Kiwandani.

Aliyeijenga zaidi ya wote alikuwa kijana wa darasa lake waliyemwita Babu, kwa kuwa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu tayari alilalamikia magoti na vijana wa siku hizi. Likizo nzima Babu hakwenda kwao. Mishono yake ilikuwa imelala kama magamba ya samaki, mmoja juu ya mwenzake, hakuna uliopanda wala kushuka.

"Babu," Rula alisema, "tunakata ya kwetu."

Babu alikuwa ameketi juu ya jenereta anakula karanga. Akaacha kutafuna.

"Ya kwetu iko sawa."

"Iko sawa."

"Basi kateni iliyopinda."

"Ina zinki. Unajua."

"Najua ina zinki! Najua pia kombe ni letu, waamuzi walishaanza kuikagua, mmoja kapiga mshono wangu picha. Rula, unataka nikate kitu kilicho sahihi ili kilingane na kilichokosea?"

"Hakijakosea. Kimesomwa vingine."

"Usinifundishe kusoma. Mimi mkono wangu haukati." Akakunja mikono akaiweka makwapani, kana kwamba ingeweza kumtoroka.

Rula hakubishana. Mwenye haki habishaniki, hasa nawe ukiwa na haki yako, na haki zenyewe hazifanani. Akaiwasha jenereta huku Babu ameikalia, ikamtikisa hadi karanga zikamwagika, akateremka akitukana kwa sauti ya chini. Rula akachukua mashine ya kukatia, akavaa miwani, akapanda ukingoni. Cheche zikaruka juu ya maji. Ulimi ukadondoka kwenye ubao walioutandika, na mlio wake uliwaleta wanakamati madirishani.

"Katibu! Kamati haijapiga kura ya kukata!" mwenyekiti alipaza sauti.

"Ipigeni!" alijibu Rula.

Dada wa Bustanini akaja na burashi ya waya, akaanza kukwangua rangi bila kuombwa. Wakausimamisha ulimi ndani ya mdomo wa upande wa pili wa nusu hiyohiyo, wakapima, wakabana kwa vibano. Rula akavaa kinyago cha kuchomelea. Kuchomelea alijua, kama mtu anavyojua kupika chai: inanyweka, ila hakuna anayeomba kikombe cha pili. Mshono wake wa kwanza ulivimba hapa, ukatoboka pale.

Nyuma yake akasikia pumzi nzito.

"Nini hiki?"

"Mshono."

"Huu ni ugonjwa. Unashona gunia wewe? Toka."

"Ulisema mkono wako..."

"Nimesema toka!" Babu alimvua kinyago kichwani, nusura kiondoke na nywele zake. "Kipande changu hakitaenda mbele za watu na vidonda hivi. Shika bamba. Usitikisike. Na usinisemeshe."

Akauparua mshono wa Rula wote, akaanza upya. Alichomelea ulimi, akachomelea mabamba ya mdomo mpya, na kila alipoinua kinyago ilikuwa kuangalia maji au kumwambia Rula ashike bamba sawasawa. Kengele ya shule ililia kabla mshono wa mwisho haujapoa. Watoto wa ng'ambo wakajipanga kwenye kibaraza, mabegi mgongoni, na Shangazi mbele yao kama kichwa cha treni.

Kamba zikavutwa tena. Ulimi ukaingia mdomoni, upande huu na upande ule, ukakwaruza, ukakubali. Bolti zikapita, moja ikahitaji nyundo na maneno ya nguoni. Magogo mawili ya katikati yaling'oka yakaenda na maji, wavuta kamba wakapiga yowe, lakini daraja lilikuwa limeshashikana, likabaki mahali pake.

Shangazi alivuka kwanza. Alisimama katikati, akaruka mara moja kwa uzito wake wote wa ualimu mkuu.

"Mbona linalia?"

"Ni chuma kinajiweka, Shangazi."

"Na hapa panateleza. Mtaweka nini?"

"Tutaweka bamba la matuta."

"Lini? Au nalo lina kamati?" Lakini alishageuka kuwaita wadogo, wawili wawili, wameshikana mikono.

Mgeni rasmi alikuta utepe, maikrofoni na mwenyekiti. Katika hotuba yake mwenyekiti aliusifu Umoja, akaisifu nembo kwa jina, kisha akatangaza kwamba Bustanini wametwaa kombe, kwa kuwa wenzao wa Kiwandani "walipata changamoto ndogo ya usomaji wa mchoro, jambo ambalo kamati ya watu saba italichunguza." Dada wa Bustanini alipokea kombe kama anayepokea mtoto wa mtu mwingine, hajui amshike wapi.

Mwenyekiti akamnong'oneza Rula, "Kwenye kumbukumbu za mkutano, andika hivyohivyo. Kwa hekima."

"Nitaandika alama ilifunikwa na nembo, na nani aliyeiagiza hiyo nembo."

"Utaisambaratisha jumuiya kwa sababu ya kikombe na duara?"

"Kuvifunika ndiko kulikotaka kuizamisha," alisema Rula, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, mgeni rasmi akageuza shingo.

Akamfuata Babu, aliyekuwa anafunga nyaya za jenereta.

"Babu..."

"Asante yako sitaki."

"Nilitaka kusema samahani."

"Hiyo nayo weka." Akaviringisha waya wa mwisho, akautupa begani. Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa sababu pekee. "Ulifanya sawa. Hilo ndilo linaloniudhi. Ungekosea ningekugombeza nikalala. Sasa nitamgombeza nani?"

Basi la Kiwandani lilikuwa limeegeshwa ng'ambo, na njia ya kulifikia ilikuwa ni moja. Babu akaingia darajani. Kwenye maungio alipunguza mwendo, akakanyaga kwa kisigino mara mbili, akasikiliza, akaendelea bila kugeuka.

"Katibu! Picha! Tunakusubiri wewe tu!" aliita mwenyekiti kutoka kwenye utepe.

Rula aliokota spana. Bolti moja bado ilikuwa haijakazwa sawasawa, na watoto wengine walikuwa wanakuja.